Anza kwa Kutembea: Ushauri kwa Anayetaka Kukimbia Mbezi Beach

Neno la kwanza kwa mtu anayetaka kuanza kukimbia hapa Mbezi Beach ni kwamba atembee. Atembee kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala, dakika 30, siku tatu au nne kwa juma, wiki mbili nzima, kabla hajaanza kukimbia hata hatua kumi. Najua ushauri huu hauwafurahishi watu. Mtu ameshanunua raba, ameshalipia mbio za hisani za mwezi ujao, ameshawatangazia wenzake kazini, halafu anaambiwa atembee kama anayekwenda sokoni. Lakini wengi wanaoanza kwa kishindo mwezi wa kwanza, ukifika mwezi wa tatu wako nyumbani na goti limefungwa bandeji. Uvivu haukuwarudisha nyumbani. Walizidisha mapema.

Moyo na mapafu hujifunza haraka. Mtu aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi za ghorofa mbili, baada ya wiki tatu au nne za mazoezi anaona pumzi inamtosha. Kano za kisigino na mifupa ya ugoko haziendi kwa kasi hiyo, zinataka miezi. Kwa hiyo wiki ya nne na ya tano ndizo za kuziogopa kuliko ya kwanza. Pumzi imepatikana, mwili umechangamka, mtu anaongeza mwendo na umbali kwa pamoja, kumbe mguu bado ni ule ule uliokaa miaka kumi chini ya meza ya ofisi. Na sisi wa Mbezi tuna nyongeza yetu. Anayefanya kazi Posta au Kariakoo anakaa kwenye kiti cha gari saa nzima au mbili kwenda, na zaidi ya hapo kurudi. Nyonga hukakamaa, misuli ya makalio hulala, na mzigo wote siku ya kukimbia unaangukia goti.

Kabla ya kuanza pana watu wanaotakiwa kupita zahanati kwanza, nami naomba wasilione hili kuwa ni la kuwachelewesha. Mwenye presha, mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mwenye uzito uliozidi sana, mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, na yeyote ambaye ndugu yake wa damu aliwahi kufa ghafla angali kijana. Kupima presha ni kazi ya dakika tano. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, zungumza na daktari. Ikifika 180 kwa 110, usikimbie kabisa mpaka ishushwe. Anayetumia dawa za presha asiziache kwa kujiona amepona kwa sababu sasa anafanya mazoezi, na anayetumia dawa za kisukari aulize ale nini kabla ya kutoka, maana sukari inaweza kushuka akiwa katikati ya njia. Wenye selimundu, ambao Tanzania tunao wengi, wasianze bila ushauri wa kliniki yao. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanakwenda kwenye taya au mkono, moyo unapiga ovyo, au giza linakujia machoni, mazoezi yamekwisha siku hiyo na safari inayofuata ni ya hospitali. Kwa matatizo ya moyo tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na daktari wa karibu nawe ndiye atakayekupeleka huko ikibidi.

Sasa mwendo. Kipimo cha kuaminika kuliko saa yoyote ya mkononi ni mdomo wako. Ukikimbia huku unaweza kumsimulia mwenzako habari za jana, sentensi nzima nzima, bila kukatika, uko sawa. Ukibaki na maneno mawili mawili, umezidisha, punguza au tembea. Kwa anayeanza, mwendo huo utakuwa wa taratibu mno, pengine bibi anayewahi misa atakupita. Mwache apite.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu vikundi vya jogingi, ambavyo baadhi ya wenzetu wa upande wa magari na mageti huviona kama kelele za Jumapili. Ukienda Temeke, Mbagala, Manzese, au ukisubiri hapa hapa barabarani mapema mwisho wa juma, utawaona: fulana za rangi moja, mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, mguu unakwenda na kiitikio. Mtu hawezi kuitikia wimbo huku amekata pumzi. Kwa kuimba tu, kikundi kizima kinabaki katika mwendo ambao madaktari wa michezo wanaupendekeza kwa mtu anayeanza, na hakuna aliyehitaji kununua kifaa. Zaidi ya hapo, magari yanawaona watu arobaini kwa urahisi kuliko mtu mmoja, mwizi wa simu hawagusi, na mwenzako akianguka yupo wa kumwinua. Kama mtaani kwako pana kikundi, jiunge nacho kabla ya kufikiri kitu kingine. Sharti moja: mwambie kiongozi siku ya kwanza kwamba wewe ni mgeni na utakimbia kidogo na kutembea kidogo. Vikundi vyenye busara huweka watu wa nyuma kwa ajili hiyo. Kikikucheka au kikikulazimisha umalize njia yote siku ya kwanza, tafuta kingine.

Anayeanza peke yake aufuate mpango huu, nao si wa kubuni kwangu. Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga mpango wa wiki tisa wa kumtoa mtu kwenye kochi mpaka kilomita 5, kwa kuchanganya kukimbia na kutembea, na mamilioni wameupitia. Kwetu, kwa joto letu na kazi zetu za kukaa, wiki tisa ni chache kwa wengi. Mimi ningezifanya 12 mpaka 16. Baada ya zile wiki mbili za kutembea, chagua siku tatu zisizofuatana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tembea dakika tano za kupasha mwili. Kimbia taratibu dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane, malizia kwa kutembea dakika tano. Kaa hapo wiki mbili. Kisha kimbia mbili tembea mbili. Kisha tatu kwa mbili, tano kwa mbili, hivyo hivyo, na usipande ngazi mpaka uliyo juu yake iwe imekuwa nyepesi. Wiki ikikushinda, irudie. Ukiumwa malaria au mafua ya kifua ukakosa siku kumi, shuka ngazi mbili chini uanze kupanda tena. Na homa ikiwepo hakuna mazoezi, hata kama ni "kutoa jasho kidogo". Wenye kuamini kwamba jasho linatoa homa wanauongezea moyo kazi siku ambayo tayari umelemewa.

Siku zilizobaki usikae bure kabisa. Simama kwenye ngazi ya kibarazani, visigino vikining'inia, panda juu ya vidole na kushuka polepole mara 15. Kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu mara 15. Fanya mizunguko mitatu, mara mbili kwa juma. Dakika kumi hizi zinamlinda mkimbiaji mpya kuliko kujinyoosha misuli kwa nusu saa kabla ya kukimbia, jambo ambalo wengi hulifanya kwa juhudi kubwa na faida ndogo.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa mwaka mmoja na nusu. Walichokiona ni kwamba hatari ya kuumia hupanda pale mtu anapokimbia siku moja umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko yote aliokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Jumla ya wiki haikuwa na uzito huo. Kwa maneno ya hapa kwetu: ukiwa umezoea kilomita 4, halafu Jumamosi rafiki akakupeleka mpaka Daraja la Tanzanite mkapiga kilomita 9, siku hiyo moja ndiyo inayovunja. Haisaidii kwamba wiki nzima ulipumzika ili kuifidia.

Ndiyo sababu naziangalia kwa hofu fomu za mbio za hisani. Dar es Salaam sasa mwisho wa juma bila mbio ni wa kutafuta. Benki zinaandaa, hospitali zinaandaa, makanisa yanaandaa, na nia ni njema: kuchangia watoto wenye matatizo ya moyo, akina mama wajawazito, shule. Fomu inauliza kilomita 5, 10 au 21. Wafanyakazi wa ofisi moja wanajisajili 21 kwa pamoja kwa sababu bosi amejisajili 21. Mwenye wiki sita za mazoezi hana kazi na kilomita 21, na medali yake haitamlipia fizio.

Tunapenda kuwataja mashujaa wetu, na tunayo haki. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa ameondoka mbele tangu mwanzo na hakuna aliyemkamata. Nadhani wengi wetu tuliorithi habari ile tulirithi pia wazo kwamba kukimbia ni kufyatuka. Mtazame basi Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 15, 2025. Kilomita 42 na ushei alizikimbia katikati ya wenzake, na bado mbele ya mstari wa mwisho akawa na mbio za kumshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Na medali yake ya kwanza ya dunia, shaba ya London, aliipata mwaka 2017, miaka minane kabla.

Mahali pa kukimbilia ni suala zito kuliko raba. Barabara ya Bagamoyo iache. Magari yanakwenda kasi, daladala hukatiza kuingia kituoni bila taarifa, bodaboda hupanda njia ya waenda kwa miguu wakati wa foleni, na malori ya mchanga na kifusi huwa yameshaamka kabla yako. Kama lazima uivuke, tembea, na uvuke kwenye kivuko. Ingia mitaa ya upande wa baharini, kati ya Tangi Bovu na Afrikana, ambako ardhi ni tambarare na magari ni machache alfajiri. Upande wa juu, kuelekea Goba na Salasala, kuna vilima. Ni vizuri kwa mtu wa miezi sita, lakini mgeni vitamtia maumivu ya ugoko wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Kwa wa Temeke na wengine waliobanwa na nyumba, uwanja wa shule ya msingi ukiomba ruhusa kwa mwalimu mkuu unatosha sana: ardhi laini, hakuna gari, na ukichoka hauko mbali na kwako.

Magari yetu hupita kushoto, hivyo wewe kimbia kulia, uyaone yakija. Kwenye kona kali isiyoonekana mbele, hama upande ambao dereva atakuona mapema, kisha rudi. Vaa fulana nyeupe au ya njano inayong'aa, kwa maana nyeusi na bluu za giza saa 11 alfajiri hazionekani. Spika za masikioni ziache nyumbani. Bodaboda asiye na taa anayekuja upande usio wake utamsikia kabla hujamwona, kama masikio yako yako wazi. Beba kitambulisho au karatasi yenye jina lako na namba ya simu ya ndugu. Mwambie mtu wa nyumbani unapita njia gani na utarudi saa ngapi.

Dada zangu na mama zangu wanajua zaidi ya mimi kuhusu kuangalia nyuma. Ninachoweza kuongeza ni kwamba msikimbie njia moja saa ile ile kila siku mkiwa peke yenu, na kwamba sidiria ya michezo inayobana vizuri ni kifaa cha lazima sawa na raba. Kuhusu mavazi, suruali pana ya michezo na mtandio mwepesi uliofungwa nyuma havijawahi kumzuia mtu kukimbia.

Halafu mbwa. Mbezi Beach ni mitaa ya kuta ndefu na mbwa wa ulinzi, na baadhi ya mageti hufunguliwa alfajiri wakati gari linatoka. Mbwa akikujia, simama. Kukimbia kunamwita. Mgeukie bila kumkazia macho, mikono ikiwa chini, rudi nyuma polepole. Akikuuma, hata mkwaruzo mdogo, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, kwa hiyo usingoje kumwona mbwa atakuwaje. Na wewe mwenye mbwa unayesoma hapa, mfunge kabla ya kufungua geti.

Ufukweni panavutia, na ni pazuri kwa masharti. Mchanga mkavu laini unamchosha mgeni na kumvuta kano ya kisigino, kwa hiyo kimbia kwenye mchanga mbichi mgumu, maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji kwetu hujaa takribani saa 10 alfajiri na hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, kwa hiyo saa 1 asubuhi yanakuwa yanatoka na njia inafunguka. Saa hizo husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kutazama kitu. Ufukwe umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine, basi usiende mwendo mrefu upande mmoja: nenda dakika tano, geuka, rudi. Usivue raba siku za mwanzo, na baada ya sikukuu tazama chini, chupa zilizovunjika huachwa pale.

Raba zenyewe si lazima ziwe mpya. Karume na Kariakoo kuna mitumba mizuri ya kukimbilia, ila chagua kwa mkono wako. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi ubavuni, imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilala upande mmoja, ilikwisha kuzoea mguu wa mtu mwingine. Ikunje: gundi iliyokauka itaachia hapo hapo mbele ya muuzaji, na ni afadhali hapo. Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Rangi isikudanganye, wala jina la kampuni.

Joto letu lina siri ya unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Miezi ya Desemba mpaka Machi toka alfajiri, uwe umerudi kabla jua halijapanda. Mwezi wa sita mpaka wa nane, kusi ikivuma, ndio msimu bora wa kuanza, na anayesoma haya wakati wa kaskazi asione haya kutembea tu mpaka upepo ugeuke. Kunywa maji ukisikia kiu, na usijilazimishe lita kadhaa kabla ya kutoka. Kwa nusu saa ya mwendo wa taratibu maji ya kawaida yanatosha. Kichwa kikiuma sana, ukianza kusikia baridi ndani ya joto, au maneno yakakuchanganya, kaa kivulini, jimwagie maji, ita mtu. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga atembee au akimbie kidogo nusu saa ya mwisho kabla ya futari, au asubiri baada ya tarawehe. Si mwezi wa kuongeza umbali.

Maumivu yana lugha yake. Misuli ya mapaja kuuma pande zote mbili kwa siku mbili ni kawaida. Kichomi cha ubavuni kitakwisha ukitembea na kuvuta pumzi ndefu. Lakini maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, hasa juu ya mfupa wa ugoko au mguu, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kukuamsha usiku, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia na uonwe na daktari. Kuchua kwa nguvu na mafuta ya moto hakuungi ufa, na dawa ya maumivu inayokuwezesha kukimbia juu yake inaupanua.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Kutembea kwa kasi kunahesabiwa. Kwa hiyo hata katika zile wiki mbili za mwanzo hujapoteza kitu.

Fomu ya mbio za hisani ikikufikia ofisini wiki hii, weka alama kwenye kilomita 5, na umwambie bosi wako naye afanye hivyo.